Bosi Asiyeshika Jembe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kijiti. Sikupewa jembe wala panga, nilipewa kijiti tu kilichochongwa ncha. Kilikuwa kitalu cha kahawa huku kwetu Mbozi, na Bwana Shamba aliyekisimamia alikuwa mtu mfupi, suruali yake imepigwa pasi hadi unaogopa kumkaribia na tope. Akanionyesha viriba, ile mifuko myeusi ya nailoni tunayoijaza udongo wa msitu, mboji na mchanga, vimepangwa mistari chini ya kichanja cha nyasi.

"Haonga," akasema, "toboa, teremsha, inua kidogo, shindilia. Ukikosea hapa, leo hakuna atakayekuona."

Nyie vijana mnaonunua miche barabarani hamjui kazi iliyomo. Mbegu ya kahawa ikiota huinua kichwa kama njiti ya kiberiti, na hapo ndipo huhamishiwa kwenye kiriba. Mzizi mkuu lazima ushuke wima. Ukiwa mrefu mno, unakata ncha yake kwa kucha. Ukiusukuma hivyo hivyo unapinda kama ndoano, na mche haukwambii kitu. Utapendeza kitaluni, utapendeza shambani, mpaka mwaka wa kubeba matunda ya maana. Hapo majani yanakuwa ya njano, na ukiusukuma mti kwa mkono unalala.

Nilikuwa hodari, na sioni haya kusema. Wenzangu waliniita Mkono, nami sikuwakataza. Msimu wa tatu Bwana Shamba akatangaza anatafuta nyapara, na waliotazamwa tulikuwa wawili. Siku hiyo nilihamisha miche kumzidi mwenzangu mistari miwili mizima. Nilivyoweza ni hivi: mizizi mirefu sikuikata, niliisukuma kwa kidole gumba nikafukia. Nilijua ninachofanya. Nikawa nyapara, na mvua zilipoanza miche ile ikapakiwa kwenye lori kwenda Ileje.

Miaka ikapita. Asubuhi moja akaja mama kutoka Isongole, kulekule Ileje, ameshika tawi la kahawa lenye majani ya njano. Jina lake Mama Tusekile. Akaeleza kwamba shamba lake lote, mti mmoja baada ya mwingine, linalala. Bwana Shamba akaniambia, "Nyapara, mjibu mama." Watu walikuwa wengi, wamekuja kuchukua miche. Nililitazama lile tawi nikajua palepale.

"Mama, hii ni njaa ya mbolea," nikasema. "Kahawa haimtaki mvivu."

Watu wakacheka. Yeye akasema, "Samahani, baba," akakunja khanga yake, akaondoka.

Niliendelea kupanda vyeo. Kutoka kitaluni nilikwenda kutunza bustani ya ofisi moja ya serikali, chini ya Ofisa Utumishi aliyependa maua yasimame mstari kama askari wa gwaride. Naye nilimridhisha. Nilipokaribia kustaafu nikasikia kwamba kule Mpemba, pembeni ya barabara kuu ya malori, kuna mtawa wa Kibuddha kutoka Sri Lanka amefungua nyumba ya kutafakari na anatafuta mtu wa bustani. Nikaenda. Nilijiambia kazi ni kazi.

Mtawa alikuwa mwembamba, amevaa shuka ya rangi ya binzari, na Kiswahili chake alikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Siku ya kwanza akanieleza kanuni ya utawa wake: hachimbi udongo, hakati jani, wala hamwamuru mtu achimbe. Nikacheka moyoni. Bosi wa bustani asiyeshika jembe! Tena hata kunituma hawezi.

"Sasa nitajuaje unachotaka, Baba?"

Akanyoosha mkono. "Mzee Haonga, tazama hapa."

Ndiyo ilikuwa amri yake ya pekee kwa miaka yote. Mwanzoni nilitazama mara moja nikashika jembe. Akasema, "Tazama tena." Nikatazama tena, nikaona kumbe pale maji ya mvua hupita, na tuta nililotaka kulichimba lingesombwa lote. Kumbe mimi, fundi mzima, nilikuwa nachimba bila kuona.

Sota, wale viwavi wakatao miche usiku, nilitaka kuwamwagia dawa. Mtawa akasema kila chenye uhai kinaogopa kufa, hata hicho. Basi nikawa nawaokota kwenye kopo nikiwapeleka ng'ambo ya korongo. Majirani wa Mpemba walikufa kwa kicheko. "Mzee Haonga, leo umepakia abiria wangapi?" Kanisani nako wakaniuliza kama nimebadili dini. Nikawajibu nimebadili mwendo tu, na Jumapili wataniona kwenye benchi langu. Nao waliniona.

Siku moja nilikuwa nang'oa magugu kwa hasira, maana ndago ni jani la kukasirisha. Mtawa alikuwa amekaa kizingitini.

"Unapalilia au unapigana?"

"Napigana, Baba."

"Nani anashinda?"

Akanifundisha kuvuta pumzi, kuinama, kung'oa gugu moja na mzizi wake, kisha kutoa pumzi. Kwao hiyo ni ibada sawasawa na kukaa kimya ukitafakari. Alisema moyo nao ni bustani, na tendo ni mbegu: halipotei hata kama aliyelipanda amesahau. Nilimsikiliza kama mtu anayemsikiliza mgeni kwa heshima. Sikudhani ananisema mimi.

Ndipo ikaja siku ya kupanda kahawa kando ya njia yake. Nilianza na mbegu, nikazihamisha mwenyewe kwa kijiti, pumzi moja mche mmoja. Mche wa nne ulikuwa na mzizi mrefu. Nilipoushika ili niukate ncha, mkono wangu ukagoma. Nikaliona lile tawi la njano, nikasikia "Samahani, baba." Niliona aibu, aibu ya kweli, nikakaa chini kwenye udongo.

Nikamweleza Mtawa yote. Hakunipa pole wala hakunikemea.

"Umetazama," akasema. "Sasa?"

"Sasa naenda Isongole."

Nilimkuta Mama Tusekile akipukuchua mahindi uwanjani. Alinikumbuka kabla sijataja jina. Nikasema kosa lilikuwa langu, mizizi niliipinda kwa mkono huu, na mbolea haikuhusika. Akamaliza hindi aliloshika, akaweka gunzi kando.

"Shemeji zangu waliniita mvivu mpaka mume wangu anazikwa," akasema. "Na mimi nikakubali, Haonga. Nilikubali kwamba mkono wangu hauotishi." Kisha akaniuliza, "Uliniambia mbele za watu, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ukaseme mbele za watu."

Nikasema, kwenye mkutano wa chama cha wakulima, shemeji zake wakiwa benchi la mbele. Halafu nikang'oa visiki vyake kimoja kimoja, na mvua zilipoanza nikaleta miche niliyoilea mwenyewe.

Nilipomaliza mstari wa kwanza, alipita nyuma yangu, akafukua mche mmoja, akautazama mzizi, akanitazama mimi, akaurudisha. Akafanya hivyo kila mwaka nilipokwenda kuongeza mistari. Ilikuwa haki yake.

Sasa nimestaafu. Mtawa amerudi kwao, na mgongo wangu unadai chake. Lakini mkiniuliza kazi ni nini, nitawajibu bila kusita, maana hii naijua: kazi ni kile unachokifanya pale ambapo hakuna atakayekuona leo. Bwana Shamba alinipa neno hilo siku ya kwanza. Nililielewa nikiwa na mvi.

Mvua zilizopita nilikwenda Isongole kama kawaida. Nikapanda mstari wangu, nikasimama kando kungoja. Mama Tusekile akaupita mche wa kwanza, wa pili, akafika mwisho wa mstari bila kuinama.

"Mama," nikamwita, "hujatazama."

Akajifuta mikono kwenye khanga.

"Tazama mwenyewe," akasema, akaingia ndani kupika ugali.

Nikapiga magoti, nikafukua mmoja. Ulikuwa umenyooka.