Chupa ya Maji Yenye Figo

Wenzake walimwita Profesa Ukungu, na kusema kweli jina lilimkaa. Alikuwa mwanafizikia wa hospitali, na ujana wake wote uliishia kuifundisha kompyuta kusafisha picha za ndani ya mwili zenye ukungu, ili mgonjwa asilale muda mrefu ndani ya mashine ya sumaku. Alioa pia, lakini mkewe alisema ameolewa nusu.

Kompyuta hufundishwa kwa picha nyingi, na ruhusa ya kutumia picha za wagonjwa haikutoka. Basi akajilaza mwenyewe ndani ya mashine. Kila Jumamosi, tumbo, tumbo, tumbo! Na hakuna hata picha moja aliyoitazama kama watu wanavyotazama picha. Kwake yeye zilikuwa tarakimu tu.

Ikafika siku ya kamati: programu ipite, au itupwe pamoja na jasho lake lote. Akaanza na chupa ya maji, kama mafundi wote wanavyojaribu mashine. Lahaula! Kompyuta ikachora figo mbili ndani ya chupa, ya kushoto ina kivuli. Akakimbilia jikoni, akarudi na boga. Boga nalo likawa na figo, na kivuli kilekile.

"Labda inataka mtu," akasema, kijasho chembamba kikimtoka.

Mama mkwe wake, aliyekuja kumwona mkwewe akisifiwa, akajitolea, maskini. Kivuli kilekile, mahali palepale.

"Baba," akauliza kwa upole, "mimi na boga tunaumwa ugonjwa mmoja?"

Kamati ikavunjika mbavu. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Profesa akatamani ardhi ipasuke immeze. Sasa alielewa: kompyuta ilikariri mwili mmoja tu, na kila ilichoonyeshwa ilikivika mwili huo. Programu kwisha habari yake.

Daktari wa picha peke yake hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na skrini.

"Kivuli hiki hakikuzuka hewani. Uliifundisha kwa tumbo la nani?"

"Langu."

Kicheko kikakatika.

"Panda kitandani, kaka," daktari akasema. "Sasa hivi."

Ulikuwa uvimbe, bado mdogo. Wiki ileile programu ikatupwa, na uvimbe nao ukatupwa. Alipozinduka baada ya upasuaji, mkewe alikuwa kando ya kitanda, kamshika mkono, hasira na machozi vikigombania uso wake.

"Miaka yote hiyo unajipiga picha, mume wangu. Hukujiona?"