Memware Ulishatosha?

Kwetu Goma hakuna anayesema kadi ya kumbukumbu. Kile kipande cheusi, kidogo kama ukucha, kinachochomekwa ubavuni mwa simu, jina lake ni memware, basi. Ukisema kuna memware nyingine ndani ya simu, imeshikamana na mashine yenyewe na haitoki, watu wanakutazama kama unawauzia dawa ya mvi. Nimechoka kueleza. Nimewaeleza majirani, nimemweleza shemeji, na mama nilimweleza kuliko wote. Alikuwa ananijibu, "Eeh, nimesikia," kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia.

Mama anaishi nami Mugunga tangu alipokimbia kutoka Masisi. Baba alikataa kuja naye. Alisema ng'ombe hawajui kukaa mjini. Akabaki na mifugo yake, akawa anamtumia mama ujumbe wa sauti kila mtandao ulipokubali. Hayakuwa maneno ya mapenzi. Ng'ombe fulani amezaa, mvua imezidi, mwambie kijana asiuze lile jembe. Mwaka jana homa ilimchukua baba hukohuko, na simu yake haikuonekana tena. Sauti yake ikabaki kwenye simu ya mama tu. Kila asubuhi mama alimenya viazi huku baba akimlalamikia mvua.

Kisha simu ikaanza kukwama. Ikaandika kwamba nafasi imejaa, ikaganda, ikakataa hata kupiga. Mama hakunisubiri nitoke kazini. Alipanda pikipiki mpaka Birere, na kwa kuwa mafundi wa simu wa kule hawaaminiki, aliichomoa kadi mwenyewe, akaifunga kwenye ncha ya kitenge.

"Mama, memware ulishatosha?" fundi akamwuliza.

"Nilishatosha, papa. Iko hapa."

Kutosha kwetu ni kutoa. Fundi alimaanisha kila kilichomo ndani ya simu. Mama alimaanisha ile ya kwenye kitenge. Wote wawili walisema kweli, na fundi akaifuta simu yote, ikarudi nyepesi kana kwamba imetoka dukani.

Jioni nilimkuta ameirudisha kadi mahali pake. Picha zilikuwepo: harusi ya dada yangu, kwaya ya parokia, ng'ombe wamesimama kwenye ukungu. Zenyewe zilikuwa zinaingia kwenye kadi tangu zamani. Sauti hazikuwahi kuingia humo. Mama alizitafuta, akanipa simu, nami nikatafuta huku najua.

"Memware ni hii, njo hii hapa," alisema akiigusa. "Sikuitupa. Sasa masauti ya baba yako iko wapi?"

Nilimweleza tena, polepole. Safari hii alisikia. Alifunika uso kwa kitenge, akakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Kesho yake nilikwenda Birere kugombana. Fundi akanisikiliza mpaka mwisho, akajaribu kila alichokuwa nacho, akatikisa kichwa, akasema pole, tena kwa moyo. Hilo lilinichosha zaidi, maana nilikuwa nimekuja na hasira yangu yote na sikupata pa kuitua. Majirani nao wakanikumbusha kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Sijui methali hiyo imewahi kumfariji nani.

Kwa wiki kadhaa mama alimenya viazi kimya. Halafu asubuhi moja akaniomba nimwambie vile baba alivyosema siku ndama alipotumbukia shimoni. Nikajaribu, kwa ile sauti nzito ya baba ya puani.

"Hapana, hakusemaka vile," mama akanikata. "Alianza na 'sikia we mama', njo akakohoa."

Nikaanza upya, nikakohoa. Nilijiona mjinga, lakini mama alikuwa anacheka, nami nikafurahi. Tukaendelea hivyo asubuhi nyingi. Mimi nakosea, yeye ananirekebisha, neno kwa neno, na nikaamini kwamba hatujapoteza kitu.

Wiki hii nilirudi nimechoka, vumbi la barabara ya Sake mpaka kwenye meno, akaniomba ule ujumbe wa siku daraja lilipovunjika. Sikuukumbuka hata kidogo. Nikatunga wangu, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti yangu ya kawaida, nikangoja anikemee.

Mama aliitikia kwa kichwa.

"Njo vile," alisema. "Njo vile kabisa alisemaka."