Risasi za Bosi wa Al-Naseem

Juzi nilikuwa kwa fundi wa funguo hapa Nakuru. Alipoanza kukereza ufunguo, harufu ya shaba iliyopata moto ikanipanda puani, nikamchukia upya mtu ambaye sijamwona tangu nikiwa na miaka tisa.

Mama alikuwa mfanyakazi wa nyumbani mtaa wa Al-Naseem, Riyadh. Niliruhusiwa kukaa naye kwa sharti nisionekane wageni wakija. Madam aliniita "hiyo", kama kiti. Bosi hakuniita chochote. Alipenda kwenda jangwani kulenga shabaha na mwanawe Turki, rika langu, aliyezoea kunitemea mate ngazini. Risasi alijitengenezea mwenyewe kwa mashine iliyokuwa katika chumba cha juu. Ukivuta mkono wake wa chuma, sahani inazunguka: ganda hili linatiwa baruti, lile linabanwa risasi mdomoni, na moja iliyo tayari inadondoka kisandukuni, tak. Bega la bosi lilipoanza kumuuma, kazi ya kuvuta akapewa Mama, juu ya kupika, kufua na kupiga pasi. Mimi nilikaa sakafuni nikipanga maganda, hadi vidole vikanuka shaba hata nikila wali.

Alhamisi moja alasiri mashine ilikwama. Mama akamwita bosi. Alikuwa kwenye simu, akapunga mkono tu aendelee: "Yalla, yalla!" Mama akausukuma mkono wa mashine juu, akavuta tena. Aliendelea kidogo, kisha akasimama ghafla, uso umembadilika.

"Ilipokwama sahani haikuzunguka; kuna moja imepata baruti mara mbili," akaniambia. "Imeshachanganyika na zingine. Wakiipiga, bunduki itawapasukia usoni."

"Usiwaambie, Mama."

Nawaambieni ukweli, nilisema nikitabasamu.

Akabeba kisanduku, akashuka. Nikamsikia bosi akifoka kwamba kazi ya wiki nzima imeharibika, kwamba amefanya makusudi. Nikasikia kofi. Mama akasema, bila kubadili sauti, "Bosi, kesho Turki asipige hizi." Likafuata kofi la pili.

Risasi hazikupigwa. Asante hatukuambiwa. Jumamosi tulipelekwa kwa kafili mwingine, mwajiri mpya wa Mama, Jeddah, na kabla ya kutoka madam alitupekua mlangoni, akanivua hata viatu. Njia nzima nilimnunia Mama. Kwa miaka mingi niliamini alikuwa mwoga, au mwenye huruma ya kijinga, nami sikujua lipi ni baya zaidi.

Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima kama alimhurumia bosi, yeye akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Huruma gani? Yule mtu nilimwombea kifo kila asubuhi nikimpikia chai. Lakini aliyevuta ule mkono wa mashine ni mimi."

Akaendelea kumenya. Na mimi, niliyejidhania kwamba ndimi niliyewachukia zaidi katika nyumba ile, nikaona aibu. Chuki yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, na bado alishuka zile ngazi.