Parafujo Tatu za Nyonga Yangu

Niliondoka Garissa kwa sababu nyonga ya kulia ilikuwa imekataa kazi. Miaka tisa nyuma, kabla ya vita vya serikali na waasi wa shifta, daktari mmoja Nairobi aliukata mfupa wa paja, akaugeuza na kuukaza kwa parafujo tatu ili kiungo changu mwenyewe kiendelee. Kikanifikisha Ijara na ngamia wangu mara zisizohesabika. Sasa kilikuwa kimesagika, nami nilitaka cha chuma.

Asubuhi, kwenye daraja la Tana, askari walitushusha kwenye lori. Kibali changu cha kusafiri kilikuwa sawa. Lakini mmoja aliliona kovu pajani, akaichomoa picha yangu ya eksirei kwenye furushi na kuiinua juani.

"Risasi tatu hizi! Wewe shifta!"

Nikaishika ncha ya pili. "Risasi gani ina meno ya parafujo? Tazama vizuri, bwana!"

"Achia!"

"Siachii, wallahi. Daktari asipojua vyuma viko wapi atanichana ovyo. Nifunge pamoja nayo."

Alinikalisha juani hadi adhuhuri, na picha nimeikalia. Mwishowe alinichoka, akanifukuza nipande lori.

Nairobi nilipokewa na abti, mjomba wangu. Hata chai sijaonja akaanza: "Si nilisema uchomwe moto na mganga wetu? Wamekutia misumari bure."

"Bure? Abti, ng'ombe wako nani aliwapeleka malishoni Sangailu kwa misumari hiyo?"

Akanimiminia chai.

Hospitalini, daktari aliitazama picha. "Mfupa ulipindishwa, na vyuma lazima vitoke kwanza. Kazi imekuwa mara mbili. Huenda mguu ukabaki mfupi. Unaujutia upasuaji wa kwanza?"

"Hata chembe. Kata!"

Walinitia kiungo cha chuma, nikalala wiki nyingi. Mguu ulibaki mfupi kwa upana wa kidole, lakini yale maumivu ya kusaga yaliondoka, alhamdulillahi. Muuguzi alitaka kuzitupa parafujo. Thubutu! Nilizifunga kwenye leso.

Safari ya kurudi, darajani, nilimkuta askari yuleyule. Nilishuka mwenyewe nikichechemea, nikamfungulia leso.

"Risasi zako hizi. Tia kwenye bunduki."

Alizigeuzageuza kiganjani.

"Haya, nirudishie. Zimenitembeza miaka tisa."

Alinirudishia. Dereva akaniita nipande, nikakataa. Safari ile ilinifunza kwamba mguu wangu umetengenezwa mara mbili, na mara zote mbili ni ili unipeleke kwetu. Nikalivuka daraja kwa miguu, lori likinifuata nyuma polepole.