Ndoo za Kijani za Kabula

Siku niliyofika kwenye msiba wa dada yangu Kabula bado naikumbuka, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa kijana, nachimba dhahabu Rwamgasa. Nilishuka kwenye basi pale kwetu Kharumwa na vumbi la duara, shimo letu la machimbo, mwilini, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaona ndoo zake zimepinduliwa juani, safi, zinang'aa. Nikajua kilichokuwamo kimemwagwa.

Ngoja nikueleze zilikuwa na nini. Kabula alisoma chuo, akarudi na wazo la kutoa mafuta kwenye maji ya kijani ya lambo la ng'ombe. Kijani kile ni mimea midogo mno, na ndani yake mna mafuta. Aliikuza pamoja na hamira na sukari guru kidogo, vinenepeshane. Kazi ilikuwa kuikamata, maana hupenya hata kwenye kitambaa. Hapo ukaingia ukungu wake, alioupata kwenye gunzi bovu la shambani kwetu. Ukungu ule ukikua majini hujiviringisha vidonge vidonge, vikaishika ile mimea, kisha unachuja kwa chujio la chai tu. Alitaka mashine ya kusaga ya kijijini iache kungoja dizeli ya mjini. Watu walimcheka. Homa ikamchukua kabla hajamaliza.

Kwetu msiba ukiingia, majirani hawangoji kuambiwa. Wanafagia, wanachota maji, wanaosha kila chombo ili mfiwa asishike kitu. Jirani yetu, Mama Neema, alikuta maji yenye utando, yananuka. Akamwaga, akasugua ndoo kwa mchanga. Ukungu nao ukaenda.

"Mmemwaga kazi yake yote! Nani kawatuma?" nilimfokea. Mama Neema akakaa chini akalia.

Mama yetu, ambaye sote tunamwita Mayu, akainuka mkekani taratibu.

"Masanja, mwache. Ameosha kwa mapenzi. Wewe ndiye uliyekuwa unaongea naye kwenye simu. Ukungu ule aliutunzaje? Tuambie, baba, tuanze upya."

Nikamwambia sijui. Kila Kabula alipoanza kunieleza, nilimwambia nitakupigia, niko kazini. Haya ya mimea na ukungu ninayokusimulia niliyapata baadaye kwa wenzake wa chuo. Nao walijaribu ukungu mwingine, haukushika kama ule wa kwetu.

"Hata mimi sijui," akasema Mayu. "Basi tulie wote, asilaumiwe mtu."

Nilimwomba Mama Neema radhi. Jioni, baada ya kuzika, Mayu akaleta koroboi yenye mafuta kidogo ya Kabula, yale ya majaribio, akaiwasha. Tukaitazama, Mama Neema amemshika Mayu mkono. Iliwaka vizuri, mwanangu. Haikukaa sana, ikazimika, na hatukuwa na mengine ya kuongeza. Nililia pale jinsi ambavyo sikulia kaburini.

Sasa nina mvi, na ninalokuomba ni hili. Mtu wako akianza kukueleza kazi yake, hata kama huielewi, mwache amalize, kisha muulize tena. Nawe ukiwa na jambo kichwani, mwonyeshe mwenzio ungali na nguvu. Na aliyekosea kwa kukupenda, usimfokee mbele za watu.

Mungu akupe masikio kwa walio hai, mwanangu, na asikukoseshe mtu wa kukuuliza unafanya nini.