Eliezeri Hasimamishwi

Zahanati ya Vudee ilijengwa kwa msaragambo. Kila nyumba ilitoa mtu, mawe yakabebwa kichwani kutoka mtoni, na kabla ya mvua za vuli za mwaka 1973 jengo lilikuwa limesimama na bati lake juu. Mganga ndiye hakuja. Kijiji kiliambiwa kisubiri, kikasubiri, popo wakahamia. Mwanamke aliyeshindwa kujifungua aliendelea kufuatiwa gari mjini Same, maili kumi na saba, kwa miguu ya mumewe.

Miguu ya Eliezeri ilimwangusha mwaka huohuo. Anaeli, mkewe, alikuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Eliezeri alitoka nyumbani mbio kama mbuzi aliyevamiwa na nyuki, na hata hajafika tambarareni kichomi kikamshika ubavuni, akakaa chini. Akainuka, akakimbia, akakaa tena. Alikaa mara sita. Alipofika hospitali, gari lilikuwa limeondoka nusu saa iliyopita kwenda upande wa Kisiwani. Mtoto alizaliwa amekufa.

Anaeli hakumlaumu hata kwa jicho. Mama yake Anaeli, Bibi Asnath, hakuwa na subira hiyo. "Mwanangu alikuwa anahangaika na mauti," alimwambia mbele za watu, "na wewe umekaa kivulini." Ilikuwa kweli.

Basi akaamua kujifunza kukimbia, akiwa na miaka thelathini na mbili. Alimwendea Lugano, Mnyakyusa aliyekuwa askari wa Mwingereza, kisha mkata mkonge, na sasa mwanakijiji wa kijiji kipya cha Ujamaa kule chini ya mlima. Lugano alimtazama akikimbia mara moja tu, akacheka mpaka akakohoa.

"Nani anakufukuza? Kimbia taratibu, kiasi cha kuweza kuimba wimbo wa kanisani. Wimbo ukikatika, umezidisha."

"Nikichoka je?"

"Punguza. Nenda kama kobe ukitaka, lakini usisimame. Mguu ukishazoea kusimama, utakuomba kusimama siku mbaya."

Kila alfajiri Eliezeri akawa anateremka mlima akiimba kwa sauti ndogo. Wiki ya kwanza aliishia kwenye mfereji wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba, ulimi nje. Kila wiki aliongeza kona moja. Watu walicheka. Mtu mzima anakimbia na hakuna nyoka! Balozi wa nyumba kumi aliuliza kama jambo hilo lina kibali.

Kilichomsumbua si kicheko bali salamu. Upareni humpiti mkubwa njiani kama unapita kisiki. Unasimama, unatoa shikamoo, unaulizwa ya mke, ya ng'ombe, ya mahindi, nawe unauliza ya kwao, mpaka kila mmoja amemaliza habari alizotoka nazo. Ndivyo tulivyojua nani amefariki Chome na bei ya chumvi Hedaru, sisi tusio na redio wala simu. Kwa Eliezeri kila salamu ilikuwa kusimama. Akaanza kutupa shikamoo kwa juu huku anapita, na wazee wakakasirika. Mzee Daudi, mlinzi wa ndiva, alimshtaki kwa mwenyekiti.

Eliezeri alikwenda kwa wazee kuomba radhi na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa. Alieleza yote: zile mara sita alizokaa chini, na mtoto. Alilia mbele yao bila aibu. Mzee Daudi akamwambia, "Mwanangu, pita. Hakuna atakayekusimamisha." Neno hilo likateremka mlima mzima hadi tambarareni, likawa kama sheria. Eliezeri akionekana, watu walikaa pembeni, wakafunga midomo.

Ilikuwa huruma safi kabisa. Ningekuwa na mtu wa kumchukia katika habari hii ningemchukia, nipumzike.

Kufika mwaka 1975 alikuwa anamaliza maili kumi na saba bila kusimama hata mara moja. Siku alipozimaliza mara ya kwanza alirudi na lori la mkaa hadi chini ya mlima, akapanda nyumbani, akala makande sufuria nzima. Anaeli alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alicheka, akamwambia, "Sasa siogopi." Kwa miaka miwili Eliezeri alikuwa hajasikia neno tamu kama hilo.

Uchungu ulianza miezi minne baadaye, Jumatano usiku. Kulipokucha wakunga waliona mkono wa mtoto umetangulia, wakamwita Eliezeri mlangoni. Saa mbili asubuhi alikuwa njiani. Hakutoka mbio kama mara ile. Aliimba. Hofu alikuwa nayo, ila miguu ilikwenda kama alivyoifundisha, na msiniambie haraka haraka haina baraka, kwa sababu haraka hakuwa nayo.

Saa tatu na nusu alipita kijiji kipya. Palikuwa na kina mama wengi mbele ya ofisi ya TANU, watoto mgongoni. Mmoja alisukuma mbuzi wake kando. Mwingine akasema, "Mpisheni, huyo hasimamishwi." Lugano alikuwepo pia, akapunga mkono, akidhani mwanafunzi wake yumo mazoezini kama kawaida. Eliezeri alipunga mkono, akapita. Alisema baadaye kuwa wakati ule alijivuna kidogo.

Saa sita alifika hospitali, na jasho limemkaukia usoni likawa chumvi. Mlinzi wa lango alimsikiliza, akashangaa.

"Landrova imekwenda kwenu. Sista Mwanamkasi yuko kijiji kipya tangu saa mbili, anapima watoto. Ni mara ya kwanza wanapelekewa kliniki. Hukuiona? Labda imeegeshwa nyuma ya ofisi."

Gari jingine lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Eliezeri aligeuka. Maili kumi na mbili za tambarare, jua la mchana, hakuna lori. Alikimbia bila wimbo. Saa tisa aliingia kijiji kipya, akamkuta Sista Mwanamkasi akifungasha mizani. Mkunga huyo wa hospitali alikuwa mtu wa vitendo. Hakuuliza maswali mawili. Landrova ilipanda hadi barabara ilipoishia, wakamalizia kwa miguu.

Anaeli alikuwa amekata roho saa nane, na mtoto tumboni.

Sista Mwanamkasi alimkagua, akamfunika. Akakaa kwenye kigoda, mikono magotini. "Watoto waliokaa hivi nimewahi kuwatoa," alisema. "Ningepata habari hata saa tano. Nilikuwa hapo chini tu."

Bibi Asnath alikuwa amekaa chini, kichwa cha mwanawe mapajani. Alimtazama mkwewe, ambaye miguu yake ilikuwa inatoka damu vidoleni.

"Ulipita njia gani, Eliezeri?"

"Njia hiyohiyo, mama."

"Kijijini hapakuwa na watu?"

"Walikuwepo."

"Watu wanaona daktari amekuja, wanakuona wewe, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo?"

Nje wanawake walikuwa wameanza kulia, na majirani walikuwa wakipanda kilima mmoja mmoja kuja kumpa pole.

"Walinipisha, mama," akasema.