UZI: Model yangu ilisema mto umekauka, Mzee Okiror akanipigia simu akiwa amesimama ndani ya maji

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nyumbani Mpumudde, Jinja. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijahadithiwa.

Kazi yangu ni kutengeneza model za mito. Unaipa kompyuta mvua, jua, udongo na mteremko wa mlima, nayo inakwambia mto utakuwa na maji kiasi gani mwezi fulani.

Nilipewa mto mmoja unaoshuka Mlima Elgon, upande wa kaskazini mwa Mbale, kule kukavu. Vijiji vitatu chini vilikuwa vinangoja bomba la maji. Kina mama wa huko kiangazi wanatoka na madumu asubuhi, wanarudi jua la utosi.

Model ikasema mwisho wa kiangazi mto unakauka kabisa. Nikaandika report: mradi haufai, upelekwe kwingine.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Mzee Okiror, askari magereza mstaafu, ndiye anayesoma ubao wa kupimia kina cha maji pale mtoni kila asubuhi.

"Injinia, nasikia kompyuta yako inasema mto imekufa?"

"Ndiyo, afande."

"Basi hapa mimi nasimama ndani ya nini? Maji iko kwa magoti."

Wakuu, nilikasirika. Miaka yote ile darasani, halafu mtu wa magereza anisahihishe? Lakini usingizi ulikataa. Kesho yake nikapanda basi.

Mzee alinipokea amevaa gumboots, hana hata tabasamu. Akanipeleka juu kwanza. Mto mkavu, mawe meupe kama mifupa. Nikajisemea moyoni, si nilisema?

"Ngoja," akasema. "Sasa tushuke."

Tukashuka ndani ya mkondo wenyewe, nikiteleza, yeye mbele kama yuko kwenye gwaride. Kona ya tatu nikasikia maji kabla sijayaona. Yalikuwa yanatoka chini ya mwamba, baridi, mengi, bila kelele za kujionyesha.

Nikakaa chini palepale.

Mvua inayonyesha msituni juu inazama ardhini, inatembea miezi ndani ya mlima, inatokea hapa wakati kila kitu kimekauka. Model yangu ilichukulia mlima wote una udongo wa kina kifupi, maji yanateleza juu na kuisha. Kosa ni langu.

Tukapima palepale. Kamba, saa ya simu, na chungwa bichi linaloelea, tukihesabu sekunde hadi lifike mwisho wa kamba. (Msicheke, chungwa ni kipimo kizuri sana, linaelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo haulisukumi.)

Halafu Mzee akatoa madaftari yake. Kila asubuhi, miaka, mwandiko umenyooka. Ofisini kwetu nakala zilikuwa kabatini, hakuna aliyewahi kuziingiza kwenye kompyuta. Hata mimi sikuwahi kuuliza.

Nikajenga model upya. Kwenye grafu, mstari wa kompyuta na mstari wa Mzee ikapanda na kushuka pamoja.

Kwenye meeting ya mradi Mbale nikasimama. Mwenyekiti akaniuliza, "Si wewe uliyesema huu mto unakauka?"

"Ni mimi, bwana. Nilikosea, na aliyenisahihisha amekaa pale nyuma."

Wakasema tungoje kiangazi kimoja tuone. Nikawaachia makadirio ya kila wiki, Mzee akawa anasoma ubao. Wiki baada ya wiki, yakalingana.

Bomba likapitishwa, likajengwa.

Siku ya kufungua nilikuwepo. Bomba likakohoa hewa, likatema matope, halafu maji safi. Mama mmoja aliweka dumu, likajaa, akalimwaga lote chini huku anacheka, akaliweka tena. Vigelegele! Mzee Okiror akapiga saluti kwa bomba. Mimi nililia waziwazi, sioni aibu.

Nilichojifunza: namba zikishakupa jibu, nenda ukalikanyage kwa miguu. Na anayepima kila siku ni mtaalamu, hata kama hana cheti.

Wenye kazi za maji, mashamba, ujenzi: nani alishawahi kukuumbua hivi ukabaki unamshukuru? Leteni visa vyenu, na wa kunikosoa pia karibuni.